Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: kabla ya kuchimba mtaro mwingine, pimeni mji

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakurugenzi wa Manispaa zetu mbili, Waheshimiwa Madiwani, nanyi wataalamu wa TPDC (mafuta na gesi), TANESCO (umeme) na TARURA (barabara) mnaofanya kazi kusini,

Shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, na kwa sasa nipo Denmark nasoma shahada ya uzamivu. Utafiti wangu unahusu modeli za kompyuta za mifumo endelevu ya kupasha joto mitaa ya mijini. Najua mnachowaza, maana hata shangazi zangu walikisema bila kificho: mtoto katoka Mtwara kwenye joto la kumtosha mtu, kaenda Ulaya kusomea kuongeza jingine. Wana haki ya kucheka. Lakini ninachosomea hasa ni jinsi mji unavyojua nani anahitaji nishati ya aina gani, yuko wapi, na anaihitaji saa ngapi, kabla haujafukia fedha ardhini. Hapo ndipo penye ombi langu. Naomba Mtwara na Lindi zichorewe ramani ya mahitaji ya nishati, mtaa kwa mtaa. Ramani hiyo iwe mali ya halmashauri na ipitishwe na madiwani, na ipatikane kabla ya bomba lingine la gesi kulazwa, barabara nyingine kuwekwa lami au viwanja vingine kugawiwa.

Denmark hawakuzaliwa na akili hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya asilimia 90 ya nishati yao ilitokana na mafuta ya kuagiza. Bei ilipopaa mwaka 1973, walitetemeka kwa baridi na kwa madeni. Baadaye wakawa na gesi kwenye Bahari ya Kaskazini, na swali likawa hilihili letu: gesi hii iende kwa nani? Mwaka 1979 Bunge lao lilitunga sheria ya ugavi wa joto. Kila halmashauri ilitakiwa kuhesabu mahitaji ya joto ya eneo lake, ioneshe joto hilo linatoka wapi na linaweza kutoka wapi, kisha igawe mji. Mitaa hii itapata bomba la maji ya moto kutoka kwenye mtambo mmoja wa pamoja, mitaa ile itapata bomba la gesi, na kwingine kila mtu atajitegemea. Gesi ya Bahari ya Kaskazini ilipoanza kuingia nchini mwao mwaka 1984, ilikuta kazi ya ramani imekwisha kushika kasi. Leo karibu theluthi mbili ya nyumba za Denmark zinapata joto kwa mabomba ya pamoja, na ndani ya Copenhagen ni karibu zote.

Sisi gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Yaliyotokea katikati mnayajua kuliko mimi, na sina nia ya kutonesha kidonda cha 2013, ghasia za kupinga bomba hilo. Nitasema moja tu: watu wa Mtwara waliouliza siku zile "sisi tutapata nini?" walistahili kujibiwa kwa ramani. Walijibiwa kwa hotuba, na hotuba haioneshi bomba litapita nyuma ya nyumba ya nani.

Isitoshe, mji wetu wenyewe umejengwa juu ya kosa la kutopima. Mtwara hii yenye barabara pana ilichorwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wao wa karanga. Matrekta yalishushwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa ipasavyo. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa mwaka 1951, na reli ya kwenda Nachingwea ikaja kung'olewa. Tulichorithi ni bandari yenye kina kizuri na mitaa ambayo hata leo ina nafasi ya kuchimba mtaro bila kubomoa ukuta wa mtu. Halmashauri nyingi za nchi hii zingeitamani nafasi hiyo. Tukiijaza hovyo, hatutaipata tena.

Sasa modeli ni nini? Haina uganga wowote. Unachukua kila jengo na kuandika ukubwa wake, matumizi yake na watu wake. Unakadiria mahitaji yake kwa kila saa ya mwaka, saa zote 8,760. Unaweka vyanzo: mtambo wa umeme, kiwanda, jua, taka, gesi. Unaweka mabomba pamoja na urefu wake, kipenyo chake, gharama yake na joto linalopotea njiani. Kisha unaiachia kompyuta ijaribu maelfu ya mipangilio, na inakuonesha upi unawafikia watu wengi kwa gharama ndogo na moshi kidogo. Mara nyingi jibu linaumiza. Linaweza kukwambia bomba unalolipenda halilipi, au kwamba chanzo ulichokidharau ndicho bora.

Mfano upo Aalborg, kaskazini mwa Denmark. Kuna kiwanda cha saruji pale, na tanuri la saruji, kama mnavyojua, ni moto usiolala. Joto ambalo lingepotelea angani hukamatwa, hupasha maji, na maji hayo huingia kwenye mabomba ya mji na kupasha maelfu ya nyumba. Hakuna aliyejengewa mtambo mpya wa kuchoma chochote kwa ajili hiyo. Mara ya kwanza niliposoma habari hizo, mawazo yalikwenda moja kwa moja Hiari, kwenye kiwanda chetu cha saruji. Nikajiuliza: joto la tanuri lile linakwenda wapi, na jirani yake nani anaweza kulitumia?

Simaanishi tulaze mabomba ya maji ya moto Chikongola. Mtu akija na andiko la namna hiyo mfukuzeni, hata kama ni mimi. Lakini joto linaweza kugeuzwa kuwa ubaridi. Ipo mitambo ya kupoza inayoendeshwa na maji ya moto badala ya umeme, yenye maji na chumvi iitwayo lithiamu bromidi ndani yake. Ukiipa maji ya nyuzi 80 hadi 95, inakupa maji baridi ya kupozea majengo. Na maji ya moto ya kiwango hicho sisi tunayo, ila tunayapuliza hewani.

Twende kwenye umeme wa gesi. Injini nzuri ya gesi hugeuza kiasi cha asilimia 40 ya nguvu ya gesi kuwa umeme. Maana yake, kwa kila megawati 10 za umeme zinazoingia kwenye nyaya, megawati 15 hutoka kama joto, nyingine kwenye bomba la moshi, nyingine kwenye maji ya kupozea injini ambayo yanapozwa na mafeni makubwa. Sehemu kubwa ya joto hilo inakamatika. Tukamate megawati 8 tu na kuzipeleka kwenye mitambo niliyoitaja, tutapata ubaridi wa megawati 5 na nusu hivi. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kinatoa kilowati 3.5. Kwa hiyo tunazungumzia kazi ya viyoyozi 1,500 na ushee bila kuongeza gesi, ukiacha umeme kidogo wa kusukuma maji. Mikoa yetu imeishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa ikitegemea mitambo michache ya gesi, na kila mtu anakumbuka umeme ulivyokuwa ukikatika mwezi wa 12, joto lilipopanda na viyoyozi vyote kuwashwa kwa pamoja. Tulikuwa tunachoma gesi, tunatupa zaidi ya nusu yake kama joto, kisha tunautumia umeme uliobaki kupambana na joto.

Nani atautumia ubaridi huo? Hapa modeli lazima iwe na roho ngumu. Nyumba ya kawaida ya Magomeni au Likombe, hapo Mtwara mjini, ina feni na dirisha, na upepo wa kusi ukianza haihitaji kitu kingine. Kuipelekea bomba la maji baridi ni kumpikia mgeni mmoja kwa sufuria la harusi. Wanaohitaji ubaridi mchana na usiku ni wachache, na tunawajua: hospitali ya rufaa ya kanda kule Mitengo, hospitali ya Ligula, maghala ya baridi ya bandarini, benki, hoteli, na wavuvi wa Feri. Pale Feri samaki anashushwa alfajiri, na kama barafu haikuja, saa nne bei inaanza kuporomoka huku mwenye mzigo anauona. Baadhi ya mitambo inayoendeshwa kwa joto, ile ya amonia, inaweza hata kutengeneza barafu. Ila umbali ndio unaoamua yote. Kilometa mbili zinaweza kulipa na kilometa nane zisilipe. Bila ramani hakuna anayejua, na anayesema anajua anabahatisha.

Niende kwenye korosho, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Wengi tunaijua korosho ya ghalani na ya mnadani, wachache tunaijua ya kiwandani. Korosho ghafi huanza kwa kupikwa kwa mvuke ili ganda livunjike bila kuipasua kokwa. Baada ya kubanguliwa, kokwa huingia kwenye tanuri la kukaushia, kwa saa kadhaa, kwenye joto la nyuzi 70 hivi, mpaka ile ngozi nyembamba ya kahawia ilegee na kutoka kwa kidole. Ukisimama karibu na akina mama wanaobangua utaona wamepaka mafuta au majivu mikononi, kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi. Maganda yenyewe ni mlima nyuma ya kiwanda. Katika kilo 100 za korosho ghafi, kokwa haizidi kilo 25 au karibu na hapo, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni maganda, ambayo yanawaka vizuri mno na kutoa moshi mchungu mno yakichomwa ovyo.

Mtu wa taaluma yangu akiangalia hapo haoni kiwanda cha korosho tu. Anaona mahitaji ya mvuke, mahitaji ya joto la nyuzi 70, na kuni za bure zilizorundikwa mlangoni. Nyuzi 70 ndilo joto linalotembea kwenye mabomba ya miji mingi ya Denmark. Yaani teknolojia ambayo shangazi zangu wanaicheka inafaa korosho kuliko inavyofaa nyumba ya mtu.

Kwa hiyo kongani ya viwanda vya korosho inayoandaliwa Maranje, Nanyamba, ndiyo nafasi tuliyopewa. Ikiwa kila mwekezaji atapewa kiwanja chake na kuachwa ajinunulie boila yake ndogo, tutapata boila nyingi ndogo, bomba nyingi za moshi mchungu, na wenye viwanda vidogo watashindwa kwa gharama kabla hawajabangua gunia. Ikiwa mpango wa viwanja utatenga eneo la boila moja kubwa inayochoma maganda ya viwanda vyote kwa joto kali, yenye chujio la moshi linaloeleweka, na mkuza, yaani njia iliyotengwa, wa mabomba ya mvuke na maji ya moto kupita nyuma ya kila kiwanja, kijana wa Newala au Tandahimba ataweza kufungua kiwanda kidogo akanunua mvuke kama anavyonunua maji, kwa dira. Jambo hilo linaamuliwa kwenye meza ya mpimaji wa viwanja. Beacon, zile alama za mipaka ya viwanja, zikishapigwa na hati zikishatoka, marekebisho yake yatakuwa ya fidia na kesi.

Kuhusu gesi ya kupikia majumbani nitasema kwa ufupi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshakatazwa kuni na mkaa. TPDC imeshaingiza gesi kwenye baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi, na nawapongeza. Swali ni mtaa gani unafuata, na kwa kigezo gani. Modeli huuliza kila mita ya bomba itapitisha gesi kiasi gani kwa mwaka. Kwenye mtaa wenye nyumba zilizobanana, wapangaji watano kwenye ua mmoja na mama lishe watatu barazani, mita hiyo inafanya kazi kutwa. Kwenye viwanja vipana vya Shangani, ambako nyumba moja na jirani yake hawasikiani, mita hiyo inalala. Nchi hii miundombinu ina tabia ya kuanzia wanakokaa wakubwa. Msinikasirikie, mnajua ni kweli. Mitaa ambayo bomba halitalipa iambiwe mapema, ielekezwe kwenye mitungi au majiko ya umeme yanayotumia umeme kidogo, isikalishwe miaka kumi ikisubiri bomba lisilokuja.

Na gesi yenyewe ina mwisho. Kisima hushuka shinikizo, hilo halina mjadala. Ramani nzuri inaonesha pia ni nani atakayebaki na nini gesi ikipungua: maganda, jua, taka za mji. Huko Silkeborg, Denmark, nchi ambayo jua lake la Desemba ni la kuombea dua, mwaka 2016 walifungua shamba la mitambo ya jua lenye mita za mraba zaidi ya 156,000 kwa ajili ya kupasha maji ya mji tu. Sisi bado tuna majengo ya umma yanayochemsha maji kwa umeme, chini ya jua la Mtwara.

Mtasema takwimu hazipo. Zipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu na majengo. Anwani za makazi zimebandikwa kwenye milango. Kila tokeni ya LUKU ina rekodi yake. Wadenmark walianza na daftari la majengo waliloliunda mwaka 1977, na ndilo lililowawezesha kuchora ramani zao. Sisi tunalo letu, ila limelala vipandevipande kwenye ofisi tofauti. Ofisi moja ya umma niliyoiomba takwimu za matumizi ilinitaka barua ya utambulisho. Barua ilipofika nikaambiwa mhusika yuko safarini, na naona safari yake ni ndefu. Siombi jina wala namba ya mteja yeyote. Jumla ya mtaa mzima kwa mwezi inatosha.

Ninachowaomba, basi, Waheshimiwa Madiwani, ni azimio. Idara ya mipango miji ipewe jukumu la ramani hii na fungu lake, hata dogo. TANESCO na TPDC waombwe rasmi, kwa barua ya Mkoa, kutoa jumla za kila mtaa. Anayeomba kibali cha kujenga hospitali, hoteli, ghala la baridi au kiwanda aeleze kwenye fomu atahitaji joto au ubaridi kiasi gani, na atatupa joto kiasi gani. TARURA wanapochora barabara mpya, waache mkuza wa mabomba pembeni, ili tusirudie mchezo wa kuweka lami Januari na kuichimbua Juni. Mpango kabambe wa mji usipitishwe bila ukurasa wa nishati.

Lindi, kwenu lipo la Likong'o. Mazungumzo ya mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika yamechukua miaka, na yanahusu fedha ambazo mimi na nyinyi hatuwezi kuzihesabu kwa vidole. Mtambo wa namna hiyo unatoa joto jingi ajabu kutoka kwenye mashine za kugandamizia gesi. Aya moja kwenye makubaliano, inayoipa Manispaa haki ya kulichukua joto hilo bila malipo au kwa bei ya gharama, itawagharimu wawekezaji kidogo sana ikiandikwa leo. Mkiikumbuka baada ya saini, mtauziwa.

Liko pia suala la nani awe mwenye mfumo. Denmark sehemu kubwa ya kampuni za joto ni za halmashauri au za watumiaji wenyewe kwa ushirika, na sheria inazitaka zitoze gharama halisi tu, zisitengeneze faida juu ya joto la nyumba ya mtu. Watu wa kusini hawahitaji kufundishwa ushirika. Tuna AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hadi vijijini, tunazijua faida zake na tunazijua pia siku ambazo malipo ya mkulima yanachelewa na mwenyekiti hapatikani kwa simu. Kwa hiyo sishauri ushirika kwa sababu ni neno zuri. Nashauri kwamba hesabu za mvuke wa Maranje, kama mtaukubali, zibandikwe ukutani kila mwezi, kama bei za mnada zinavyotangazwa mbele ya wakulima.

Kwa upande wangu, modeli ninayoitumia kwa mitaa ya Denmark naweza kuigeuza kwa ajili ya Mtwara bila kudai senti. Kazi hiyo inahitaji vijana wa hapo watakaokusanya vipimo. Vyuo vya VETA Mtwara na Lindi vina wanafunzi wa bomba na umeme ambao wakipewa fomu na tepu ya kupimia wataifanya vizuri kuliko mshauri wa kuletwa kwa ndege. Maandalizi ya bajeti za halmashauri yanaanza miezi mingi kabla ya Julai, kwa hiyo azimio likipita kwenye kikao kijacho cha Baraza, fungu linaweza kuingia mwaka wa fedha unaofuata. Nakala ya barua hii nimeituma kwa njia ya posta kwenye masjala za ofisi zenu, na majibu yatanifikia kupitia anwani iliyo kwenye bahasha.

Wenu katika ujenzi wa kusini,

Mwanafunzi wa uzamivu, mzaliwa wa Mikindani